Ngano za bibi zina wasichana wasioamua lolote: nizibadilishe, au niandike mpya?

BintiLangoni, Lamu

Asalaam aleikum wapenzi wa hadithi. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Lamu, Pate na Malindi, na kwa yeyote anayewasimulia watoto kwa Kiswahili.

Mimi hukaa na watoto wa mtaa, hapa Langoni, wakishatoka chuoni, yaani madrasa, alasiri. Tunakaa dakani, pale mlangoni kwa mama yangu. Mabaraza yakijaa, waliobaki wanatandikiwa mkeka. Wako wa miaka sita mpaka kumi na mbili, wavulana kwa wasichana. Siku nyingi nawapa ngano alizonipa bibi yangu, siku nyingine nawasomea vitabu vichache nilivyo navyo, na tukimaliza huwa wanaigiza. Huko kuigiza ndiko kulikonifumbua macho.

Ukisimulia tu, kasoro haionekani. Wape watoto wagawane sehemu uone. Wavulana wananyang'anyana nahodha, mfalme, tajiri, simba, na yule mtoto wa saba anayemshinda zimwi. Wasichana wanabakiziwa mke wa mfalme, mama mgonjwa, na binti aliyefungiwa ndani akingoja kuozwa kwa atakayeshinda. Juzi kati nilimpa mtoto mmoja wa gredi ya tatu, mpole, hana fujo na mtu, awe binti mfalme. Akaniuliza, "Huyo asema nini?" Nikaipitia hadithi yote kichwani. Binti mfalme hasemi neno. Analia mara moja, basi. Yule mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Basi mimi ni mamba." Akalala kifudifudi mkekani, akanyoosha mikono mbele akaifungua na kuifunga kama taya, na mamba wake siku ile alizungumza kuliko nahodha. Alimhoji nahodha ameomba ruhusa kwa nani kupita mtoni kwake.

Tangu hapo kila hadithi naipima kwa maswali mawili. Msichana aliyemo anasema nini? Na kuna jambo gani linalotokea kwa sababu yeye ameamua? Sijali kama ana nguvu za kumwangusha jini. Msichana aliyepachikwa upanga mkononi, asiye na mawazo yake, hanisaidii kitu. Nataka aamue jambo, hata dogo, na hadithi igeuke kwa uamuzi huo.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba ngano zetu zinaanza na mtoto wa kike. Ukishasema "Paukwa!" na watoto wakajibu "Pakawa!", kwetu tunaendelea: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, vijino kama chikichi, vya kujengea kikuta na vilango vya kupita. Watoto wanaiimba kwa sauti moja mpaka punda wa njiani wanageuza masikio. Mwana Siti yuko kizingitini pa kila ngano, kasifiwa meno, halafu ngano ikianza hatumwoni tena!

Sasa ndugu zangu, naomba mnisaidie. Ngano za bibi nina haki ya kuzibadilisha? Kwangu mimi ni amana, na bibi ameshatangulia mbele ya haki, siwezi kumwomba ruhusa. Au niziache zilivyo, nitafute vitabu vingine, au niandike vyangu? Vitabu vya Kiswahili vyenye msichana wa pwani ndani yake nimevitafuta madukani hapa, vingi nilivyovipata ni vya kiada. Nipeni mawazo, na msinionee haya.

MwalimuMstaafu, Faza

Waaleikum salaam mwanangu. Nimesomesha Kiswahili mpaka nikastaafu, na swali lako ningependa kuulizwa nikiwa bado darasani.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa amana. Bibi zetu wenyewe walizibadilisha. Mimi ngano ile ya mtu na nyoka nimeisikia kwa mama, kwa shangazi na kwa jirani yetu mmoja, na kila mmoja alikuwa na mwisho wake. Msimulizi huangalia aliyeketi mbele yake. Kukiwa na mtoto mlafi, fisi siku hiyo ataadhibiwa zaidi. Kwa hiyo kubadilisha ndiko kuendeleza. Lakini badilisha kutokea ndani. Ukimvua mwanamfalme kilemba ukamvika binti mfalme, umebadilisha nguo tu, na watoto watakujua. Uliza badala yake: huyo binti aliyefungiwa chumbani alikuwa akifanya nini siku zote hizo? Aliona nini dirishani? Alijua nini ambacho baba yake hakukijua? Humo ndimo mna hadithi.

Pili, kuna msichana mmoja wa visiwa vyetu ambaye hatujamweka kwenye kitabu cha watoto, nami hili nalisikitikia. Mwana Hashima. Wote tunamjua mama yake, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858. Kila mwanafunzi wa ushairi ameusoma. Lakini soma namna unavyoanza. Mama ni mgonjwa, ugonjwa umemkaa mwaka mzima, anamwita bintiye: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na karatasi." Njoo mbele, keti, na wino na karatasi. Mwanangu, fikiria picha hiyo. Ni karne ya 19, visiwani kwetu, na msichana anaambiwa alete wino. Maana yake alijua kuutumia! Na mwishoni mama anawaambia wanawake wote wausome. Hamwambii mtu awasomee.

Najua utaniuliza habari ya yaliyomo. Utendi ule unafunza utiifu kwa mume, tena kwa mkazo. Radhi tano anazozitaja ni ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Sikuambii uyafiche hayo. Watoto wakubwa waambie wazi, wayajadili. Lakini hadithi ya msichana aliyekaa kitandani pa mama yake na kalamu, akiyapokea maneno ambayo yangesomwa baada ya zaidi ya miaka 160, ni hadithi ya msichana mwenye kazi mkononi. Iandike hiyo.

BabaMabinti, Mkomani

Dada BintiLangoni, salaam. Nina watoto wanne, watatu wa kike, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Nitasema lililo moyoni mwangu.

Kila ufeministi unapoingia kwenye vitabu vya watoto, mimi naona hadithi ile ile. Msichana hodari, wazazi wajinga, mila mbovu, msichana anatoroka usiku, anapokelewa na mtu wa mbali, anasoma, anarudi na gari. Binti yangu wa pili alikuja nacho kimoja kutoka skuli. Baba wa mle ni mlevi na mkali, mama hana ulimi. Mtoto alipomaliza kusoma akanijia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi pia nitamwoza akimaliza gredi ya sita. Lile swali liliniuma. Mimi ndiye ninayemsikiliza akihifadhi Qur'ani, ninayemvusha kwa boti akiwa na mashindano Mokowe. Sitaki ajifunze kwamba ili awe mtu lazima amwone baba yake adui. Hizo hadithi zako mpya zina nafasi ya baba?

BintiLangoni, Lamu

Mwalimu, Mungu akupe umri. Hilo la Mwana Hashima sikuwa nimeliwaza kabisa. Utendi nimeuhifadhi vipande vingi tangu udogo, na siku zote nilimsikia mama. Yule aliyeketi na karatasi hakuwahi kunijia akilini. Nitawaigizisha watoto sehemu hiyo kabla sijaandika chochote, nione watamfanya aseme nini.

Kaka BabaMabinti, nafasi ya baba ipo, tena kubwa. Baba unayemsema, wa kusikiliza hifdhi na kuvusha mtoto kwa boti, sijamwona kitabuni hata kimoja. Yeye naye kanyang'anywa maneno. Hadithi ikimfanya baba awe mkali tu, imemnyima binti mtu wa kushauriana naye, ikambakishia mlango wa kutorokea peke yake.

Ila kuna jambo sitalificha. Msichana wa kutolewa skuli aozwe yupo, huku kwetu na kwingineko. Sheria ya Ndoa ya 2014 imesema miaka 18, na sheria haimfikii mtoto usiku nyumbani kwao. Mtoto huyo anahitaji kujiona kitabuni kama binti yako anavyohitaji kukuona wewe. Siwezi kuliacha kwa sababu linawaumiza baba wema. Ninachoweza ni kutoifanya iwe ndiyo hadithi ya pekee.

Na hili la wanawake kuwa na sauti halikuletwa kwetu na meli ya juzi. Pate ilitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, katika karne ya 18. Ametajwa kwenye habari za Pate pamoja na masultani wenzake. Nani amewahi kuwasimulia watoto wetu habari zake?

Nikuongezee la wavulana, maana umenikumbusha. Kuna mmoja ambaye kila siku lazima awe nahodha. Nikamwambia leo wewe ni mama mgonjwa. Alinuna, akajilaza ukutani. Baada ya muda kidogo akaanza kuomba uji. Halafu akamwita nahodha, akamwambia dawa iko kisiwa gani, mti wake una majani ya namna gani, na asikubali kuuziwa bandia! Yote aliyatunga yeye. Mvulana akiingia kwenye nafasi isiyo na maneno, anajitungia maneno hapo hapo, kwa kuwa hajawahi kuambiwa anyamaze. Hapo nilielewa kwamba hadithi hizi zinawafunza na wavulana pia nani husikilizwa.

MsomeshajiMalindi, Malindi

Habari zenu. Mimi nasomesha gredi ya nne hapa Malindi, na kwetu wasichana wana bahati ya jina moja kubwa. Mekatilili wa Menza ana sanamu na bustani mjini, watoto wanapiga picha pale wakati wa sikukuu.

Lakini bahati hiyo ina mipaka yake. Kwenye vitabu vya skuli Mekatilili anaingia akiwa jina na mwaka: 1913, aliwapinga Waingereza, akahamishwa. Watoto wanakariri, wanajibu mtihani, wanasahau. Kwa hiyo mimi nawasimulia vitu vya kushika. Kodi ya nyumba na vijana kutakiwa waende kufanya kazi mashambani mwa wazungu. Mama mjane wa makamo anayekwenda kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya msiba, watu wakimfuata wenyewe. Halafu ile ya kuku: inasimuliwa kwamba alimletea ofisa wa Kiingereza kuku mwenye vifaranga, akamwambia chukua kifaranga kimoja uone. Yule mzungu akanyoosha mkono, mama kuku akamrukia. Mekatilili akasema, hivyo ndivyo mtakavyofanyiwa mkitaka watoto wetu.

BintiLangoni, kwangu wasichana hawagombei Mekatilili, wanagombea kuku! Ndipo nikaona unachokisema ni kweli tupu. Kuku ana jambo la kufanya, na analifanya mbele ya macho yao.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni safari. Yeye na mwenzake katika upinzani, Wanje wa Mwadorikola, walipelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu mpaka kwao, nchi ya Wagiriama. Naitundika ramani ya Kenya ukutani, namwita mtoto mmoja apite na kidole kutoka Kisii mpaka Malindi. Kidole kinapita polepole, na darasa zima linaanza kuuliza lenyewe: walikula nini? Walilala wapi? Simba je? Mimi sijibu. Nawapa karatasi waandike wao. Msichana mmoja aliandika kwamba Mekatilili alikuwa akihesabu mito waliyovuka wakati wa kupelekwa, ili wakati wa kurudi aihesabu kinyume.

Mtoto mwingine aliniuliza, "Alipokuwa mdogo alikuwaje?" Wazee wa Kigiriama husimulia kwamba alipokuwa msichana kaka yake alichukuliwa na wafanyabiashara ya watumwa, mbele ya macho ya watu. Hilo ni zito kulisema Malindi na Lamu, tunajuana wajukuu wa nani ni nani. Mimi nalisema. Msichana aliyeona hilo akakua akakataa vijana wa kwao wasichukuliwe tena, watoto wanamwelewa mara moja, wala hawahitaji kufafanuliwa ujasiri ni nini. Ukimwandikia mtoto wa kike shujaa asiye na utoto, umemwonyesha mlima bila njia ya kupandia.

MchorajiShela, Lamu

Dada, nami niingie kwa upande wa picha, maana hapo ndipo wengi hawaangalii.

Angalia uzuri wa lugha yetu. Unaweza kusimulia ngano nzima ya Sungura na Fisi usiseme hata mara moja ni mume au mke. "Alikuja, akala, akakimbia." Msikilizaji wa kike anaweza kuwa Sungura bila kuomba ruhusa. Lakini ngano ikichapishwa, mchoraji anamvisha Sungura suruali na kofia, na kesi imekwisha. Mimi mwenyewe nimeletewa kazi ya kuchora wanyama, maelezo yote hayakutaja jinsia, ila kila mhusika niliambiwa "mvalishe shati". Nilipouliza kama Kobe anaweza kuvaa kanga nikaambiwa itawachanganya watoto. Itawachanganya vipi, nami sikuelezwa.

Si kwetu tu. Kuna utafiti wa Marekani uliotolewa 2011, uliopitia vitabu vya watoto 5,618 vya karne nzima ya 20. Kwa wastani wahusika wakuu wa kiume walikuwa kwenye asilimia 57 ya vitabu vya kila mwaka, wa kike asilimia 31. Kwa wanyama ndiyo balaa: wa kiume zaidi ya asilimia 23, wa kike asilimia 7.5. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague. Sisi hatulazimishwi, na bado tunachagua vile vile kwa penseli.

Ushauri wangu: mnyama akiwa na busara, mvishe kanga. Akiwa mjanja, mvishe kanga pia. Usimsubiri mnyama mwenye watoto ndipo akumbukwe. Na msichana wako mchore akitumia mikono. Wasichana wengi wa vitabuni mikono yao iko mgongoni au shavuni. Mwonyeshe akifunga kamba, akipara samaki, akishona kofia. Kofia zetu za mkono hapa wasichana wanazishona kwa muda mrefu, tundu kwa tundu, na pesa yake inanunua vitu vya maana nyumbani, lakini kwenye picha kofia tunaiona juu ya kichwa cha mwanamume tu.

Kuhusu vitabu: usidharau yaliyokwishafanywa. Mwaka 1940 kulichapishwa London tafsiri ya Kiswahili ya kisa cha Lewis Carroll, jina lake Elisi katika Nchi ya Ajabu, na huyo Elisi akachorwa msichana wa Kiafrika. Fikiria, miaka zaidi ya 80 iliyopita msichana mweusi anazungumza Kiswahili, anabishana na malkia, anauliza maswali yasiyokwisha. Mwaka 2015 kikatafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis. Hicho wasomee, kinapita kwenye maswali yako mawili bila shida.

Vya bure viko kwenye tovuti ya African Storybook, ilianza 2014, hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo. Unaweza kupakua, kuchapa, hata kutunga chako humo humo. Ila usingoje mashine kubwa. Karatasi za A4 ukizikunja katikati, fotokopi nyeusi na nyeupe, stepla mbili mgongoni, kitabu kimepatikana. Wino wa fotokopi haupendi rangi nzito, kwa hiyo nitakuchorea kwa mistari tu na watoto wapake rangi wenyewe. Nakuchorea bila malipo. Niletee maneno.

BintiLangoni, Lamu

Jamani, mmenipa nguvu. Kaka MchorajiShela, ahadi hiyo nimeipokea mbele ya mashahidi.

Nimeamua hivi. Ngano za bibi nitaendelea kuzisimulia, nikiwapa wasichana wa mle maneno, kama alivyosema Mwalimu, kutokea ndani. Mwana Hashima nitamwandika polepole, sitaki kumkosea. Kwanza nimeanza kisa kingine kifupi, na jina la msichana sikulitafuta mbali. Hiki hapa kipande cha mwanzo, nisaidieni:

*Mwana Siti aliishi Kizingitini na bibi yake. Bibi alikuwa mvuvi wa pweza. Bamvua likifika, siku za maji kujaa sana na kutoka sana, na mwamba ukikauka, Bibi alishika kijiti chake akatembea mwambani, na Mwana Siti nyuma yake na ndoo. Mwaka ule sehemu ya mwamba ilifungwa. Wanakijiji walikubaliana asivue mtu hapo mpaka miezi ipite, pweza wapate kukua. Bibi akaugua mguu. Deni la dukani likaongezeka. Alasiri moja Mwana Siti akachukua kijiti akaenda peke yake. Upande uliokuwa wazi hakupata kitu. Akatembea mpaka penye boya la mpaka. Hatua chache mbele, ndani ya sehemu iliyofungwa, akaona tundu limezungushwa vijiwe na makombe matupu. Ndani, jicho moja likamwangalia. Pweza mkubwa kuliko wote aliopata kuwaona. Mwana Siti akatazama huku. Akatazama kule. Hakukuwa na mtu.*

Hapo nimekwama. Sitaki amchukue, na sitaki amwache kwa kuwa tu ni "mtoto mzuri", maana hicho si kisa, ni mawaidha. Nataka aamue jambo linalomgharimu na linaloleta jingine. Nimewaza amwache, kisha aende kwenye mkutano wa kijiji aseme tarehe ya kufungua iangaliwe upya, kwa sababu wanaoujua mwamba ule kwa nyayo zao ni wanawake. Bibi hawezi kwenda, mguu unamuuma. Kwa hiyo yeye ndiye wa kusema. Lakini atasema nini hasa? Mtoto wa miaka kumi na moja anajua nini ambacho wazee hawakijui?

Kaka BabaMabinti, baba wa kisa hiki nimemweka baharini kwenye jarife, anarudi kabla ya mkutano. Usidhani nimemsahau.

BabaMabinti, Mkomani

Nimeona, nashukuru. Basi akirudi asimsemee. Amshike mkono mpaka mlangoni pa mkutano, kisha amwachie aingie mbele. Na nitawasomea wangu hiki kipande leo usiku, nikuletee watakachosema.

MvuviPweza, Kizingitini

Salaam aleikum mwanangu. Nimesomewa hii na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia. Kisa kizuri, lakini tusije tukakucheka mwambani, kirekebishe.

Bamvua likiwepo, alasiri maji yamejaa. Saa kumi za jioni hapo penye boya lako ni kina, mtoto atazama. Maji hutoka asubuhi, saa tatu, saa nne, ndipo mwamba unakauka na wanawake wanashuka. Na hatushuki mtu mmoja mmoja. Tunakwenda kundi, kwa sababu ya miamba, kwa sababu ya kujaa kwa maji, na kwa sababu ya kuzungumza. Ukitaka awe peke yake, mfanye amewaacha wenziwe nyuma, wao wameinama na mashimo yao.

Tundu umelieleza vizuri, makombe matupu mlangoni ndiyo alama. Lakini pweza mkubwa aliyetulia ndani, akamwangalia mtu asisogee, akagoma kutoka hata ukimgusa na kijiti, huyo ni jike ana mayai. Hujifungia humo, mayai yananing'inia darini mwa tundu kama ushanga, naye hali kitu, anayapulizia maji tu mpaka yaanguliwe. Yakishaanguliwa yeye hufa. Msichana aliyefuatana na bibi yake anajua kumtambua. Hilo ndilo analolijua, na aliyekaa mkutanini hajaliona. Akasimame aseme: msifungue wiki hii, mimi nimemwona ana mayai, tundu liko mahali fulani, subirini bamvua lijalo. Gharama utaipata hapo hapo, maana deni la dukani litangoja na yeye, na wenziwe wengine watamkasirikia kwa siku kadhaa.

Na kijiti cha bibi kiwe kirefu kwake, kimpe tabu kukibeba. Mchoraji akichore hivyo. Mweke mwambani saa nne asubuhi.